Benchi la Bibi Lilivyofika Doha

Mwaka 2022, kabla mpira haujaanza kuchezwa kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, mjini Doha yalizinduliwa mabenchi 32, moja kwa kila taifa lililofuzu. Senegal lake, Ghana lake, Brazil lake, na wenyeji nao lao. Hayakuwa mabenchi ya wachezaji wa akiba. Yaliwekwa ili watu wawili wakae wazungumze, mmoja ana jambo linalomlemea moyoni, mwenzake amekuja kumsikiliza. Walioyazindua ni Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya ya Umma ya Qatar, wakishirikiana na mradi wa Zimbabwe uitwao Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki. Hapo kwenye Zimbabwe ndipo ninapotaka mtege masikio, wanangu, kwa sababu waliolifanya wazo hili lisimame hawakuwa mawaziri wala wachezaji maarufu. Walikuwa mabibi.

Turudi mwaka 2005, mjini Harare. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na mgonjwa, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye alitakiwa kurudi hospitali kumwona. Hakurudi. Baadaye mama yake akampigia daktari simu kumwambia kwamba binti amejitoa uhai. Daktari alipouliza kwa nini hakuletwa, mama akajibu kwamba hawakuwa na nauli ya basi, dola 15. Chibanda amekisimulia kisa hiki hadharani mara nyingi, na kila nikikisikia kinanikaa rohoni. Daktari alikuwepo, dawa ilikuwepo, kilichokosekana ni nauli. Siku hizo, Zimbabwe nzima madaktari wa aina yake hawakufika hata 20. Wagonjwa wote wa nchi hiyo wangemfikia lini? Ikabidi amtafute mtu ambaye tayari yuko huko mitaani, anayejulikana kwa majirani, asiye na safari ya kwenda popote, na ambaye akisema neno watu wanamsikiliza.

Mnamjua mtu huyo. Mwaka 2006 Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, mtaa wa watu wengi pale Harare, waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya za jamii. Zahanati haikuwa na chumba cha kuwapa, basi wakakaa nje kwenye benchi. Mwanzoni yeye alilitaja kama benchi la afya ya akili. Mabibi wakamweleza wazi kwamba hakuna atakayekaa hapo. Nani anataka jirani apite amwone amekalia benchi la wagonjwa wa akili? Likapewa jina la urafiki, na watu wakaanza kuja.

Sasa tusogee karibu tuone kinachofanyika. Mgeni akifika anasomewa maswali 14 kuhusu wiki iliyopita. Je, umekuwa ukiwaza mno? Umekosa usingizi, au umeota ndoto za kutisha? Umekuwa na hasira za haraka? Umeshtuliwa na vitu vidogo? Umelia, au umetaka kulia? Na lipo swali linaloshangaza wengi: je, tumbo limekuuma? Angalieni tumbo lilivyoingia kati ya machozi na usingizi. Mabibi wanajua, na madaktari pia wanajua, kwamba huzuni haikai kichwani peke yake. Hushuka tumboni, hupanda mabegani, hukaza shingo, huondoa hamu ya kula. Ndiyo maana mtoto anayeonewa shuleni husema kila Jumatatu asubuhi kwamba anaumwa tumbo, na hasemi uongo.

Baada ya maswali bibi hatoi hotuba. Anamwacha mgeni aseme yote yaliyomjaa, kisha wanayapanga: deni la kodi, mume aliyeondoka, mtoto mgonjwa, kazi iliyokwisha. Mgeni mwenyewe ndiye anayechagua jambo moja la kuanza nalo, na ndiye anayetaja hatua atakayoichukua kabla ya kukutana tena. Wanakutana kama mara sita. Akimaliza anaalikwa kwenye kikundi cha wenzake waliopitia benchi hilo, ambako watu hukaa duara wakizungumza huku wakifuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika, na mikoba hiyo huuzwa. Kikundi hicho nakipenda kuliko yote mengine. Mtu mwenye sonona kwa sababu hana senti nyumbani hawezi kupona kwa maneno matupu, na mabibi hawakujidanganya juu ya hilo.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia watu 573 mjini Harare. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida, kati ya kila 100, karibu 50 bado walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na mabibi, kati ya kila 100, waliobaki na dalili walikuwa kama 14. Habari hizo zikayasafirisha mabenchi mpaka Malawi, Zanzibar na New York. Ndivyo yalivyofika Doha.

Sasa niwaeleze kwa nini kumsikiliza mtu kunafanya kazi kubwa namna hiyo. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wenu kuna sehemu ndogo inayokesha kukulinda. Ikiona hatari, inaamuru moyo uende mbio, misuli ikaze, tumbo lisimamishe shughuli zake, ili upate kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, sehemu hiyo inatakiwa kutulia. Lakini mtu akipigwa na jambo kubwa kupita kiasi, au jambo dogo linalorudi kila siku bila mtu wa kumtetea, ile sehemu hubaki kama mlinzi ambaye zamu yake imekwisha na hakuna aliyekuja kumpokea. Anaendelea kukesha. Mlango ukibamizwa anaruka. Mwalimu akipaza sauti, mwili mzima unaganda. Hali hiyo tunaiita kiwewe. Mtoto mwenye kiwewe huitwa mkorofi, mvivu, mwoga, kikojozi. Tunamfokea: una nini wewe? Mtu mwenye hekima anamkalia karibu na kumuuliza kwa upole kilichompata. Majibu ya maswali hayo mawili yako mbali kabisa.

Turudi Doha, maana huko kuna ndugu zetu wengi. Qatar, karibu watu tisa kati ya kila kumi wanaoishi humo ni wageni, na Afrika Mashariki imepeleka walinzi, madereva, wafanyakazi wa nyumbani na wahudumu wa hoteli. Wengi wenu mtamkumbuka Abubakr Abbas, kijana wa Kenya aliyekaa juu ya kiti kirefu pale Souq Waqif wakati wa Kombe la Dunia, akiwaelekeza mashabiki njia ya metro kwa kelele za furaha mpaka dunia nzima ikamjua. Nchi yake haikuwa na timu kwenye mashindano, wala benchi miongoni mwa yale 32, lakini sauti yake iliwapokea wageni wa mataifa yote.

Mkenya mwingine sauti yake ilimgharimu. Malcolm Bidali alikuwa mlinzi Doha, na alikuwa akiandika kwa jina la kupanga, Noah, kuhusu maisha ya wafanyakazi: kubanana vyumbani, uchovu, kukosa faragha. Mei 2021 alikamatwa, akakaa kizuizini peke yake karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Agosti mwaka huohuo akaondoka nchini. Nawasimulia hili kwa sababu benchi la kuzungumzia ni kitu chema, nalitetea kwa moyo wote, ila halitoshi pale ambapo kusema kunamtia mtu hatarini. Usalama hutangulia, ndipo mazungumzo yafuate.

Fikirieni kijana kutoka Mombasa anayefanya zamu ya saa kumi na mbili mlangoni mwa jengo. Nyumbani wanapiga simu: ada ya mdogo wako, dawa za baba. Anajibu yuko poa, anatuma pesa, anakata simu, anageukia ukuta. Mwanamume halii, ndivyo alivyolelewa. Huyu anahitaji msikilizaji, ndiyo, lakini anahitaji pia mshahara ulipwe kwa wakati, usingizi, na ruhusa ya kuhama kazi inayomuumiza. Sheria ya Qatar ya mwaka 2020 iliondoa sharti la kumwomba mwajiri kibali cha kuhama. Machi 2021 kikaanza kutumika kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi. Tangu mwaka huo pia, kuanzia Juni mosi hadi Septemba 15, kazi za juani zinakatazwa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Mimi nayahesabu hayo yote kuwa sehemu ya afya ya moyo, na kila linapovunjwa, moyo wa mtu ndio unaovunjwa.

Kuna jambo jingine la Doha ambalo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote wakati wa mpira. Katika mtaa wa Al Thumama kuna majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa ajili ya wageni wa Kombe la Dunia. Kuanzia Desemba 2023, Qatar ilipoahidi kutibu majeruhi 1,500 wa Gaza, majengo hayo yakawa makazi ya Wapalestina waliokuja kutibiwa, wengi wao wakiwa watoto. Mpiga picha Samar Abu Elouf, naye Mpalestina aliyetoka Gaza, alikuwa akiishi humohumo. Picha yake ya mvulana wa miaka tisa, aliyepoteza mikono yote miwili katika mlipuko mwezi Machi 2024, ilichaguliwa kuwa Picha ya Mwaka ya World Press Photo 2025. Mtoto ameugeuza uso kando, mwanga unamwangukia shavuni. Alipotambua kilichompata, alimuuliza mama yake atawezaje tena kumkumbatia. Huko Doha mvulana huyo alijifunza kuandika kwa miguu, kufungua milango kwa miguu, kucheza michezo ya simu kwa miguu.

Mtoto wa namna hii anatibiwaje? Kidonda kinafungwa, hilo mnalijua. Lakini watu waliofundishwa kuhudumia wenye kiwewe hufanya na mambo ambayo ukipita haraka huyaoni. Kabla ya kumgusa wanamwambia watamgusa wapi na kwa nini. Wanampa nafasi ya kuchagua, hata kama ni mguu upi uanze kuvuliwa soksi, kwa sababu yaliyompata hayakumpa chaguo lolote. Hawamlazimishi kusimulia, akitaka kuchora, achore, akitaka kunyamaza, anyamaze na mtu abaki naye. Chakula kinakuja saa ileile kila siku, mtu aliyesema atarudi kesho anarudi kesho. Mama naye anasikilizwa, kwani naye ameona aliyoyaona, na mtoto huusoma uso wa mama yake kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Hayo ya utotoni hayaishii utotoni. Miaka ya 1990, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walisimamia utafiti wa watu wazima zaidi ya 17,000, wakiwauliza walipitia nini walipokuwa wadogo. Waliopitia kupigwa, kutelekezwa au ugomvi mkubwa nyumbani walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona ukubwani, na hata magonjwa ya moyo, huu moyo wa nyama unaodunda. Ila msiogope: si hukumu. Watafiti wengi wamekuta tangu hapo kwamba mtoto mwenye mtu mzima mmoja tu wa kumtegemea, iwe shangazi, mwalimu au babu, ana kinga kubwa. Na wazee nao wana yao, ila hawaulizwi. Bibi anayesema kila jioni kwamba miguu inauma huenda ana kisa cha miaka arobaini ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia.

Basi rafiki yako akikwambia jambo zito, usimwambie ajikaze, wala usimpe kisa chako kikubwa kuliko chake. Mwache amalize. Mwambie unamwamini. Mwulize anataka nini kifanyike sasa. Kama kuna mtu anayemuumiza, au anasema hataki kuishi, hiyo si siri ya kutunza hata kama umeapa. Mwendeeni pamoja mtu mzima mnayemwamini. Walioko Qatar wanaweza kupiga 16000 na kupata wataalamu wa afya ya akili. Kenya, Tanzania na Uganda, simu ya kuwasaidia watoto ina namba moja, 116, na ni ya bure, hivyo inapigika hata simu isipokuwa na salio.