UZI: Mtu mzima akitaka karatasi ya kidato cha nne, nani alipe?

1/ Kila msimu wa kampeni kuna mheshimiwa atashika maiki aseme: "Hata wale waliacha shule, tutawasomesha bure!" Makofi. Mpinzani wake anajibu: "Pesa za watoto hazitoshi, za watu wazima utatoa wapi?" Makofi tena. Wacha tuiangalie hii maneno polepole, bila kutaja mtu wala chama.

2/ Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya elimu. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Umeona tofauti? Neno "bure" liko kwa mtoto. Mtu mzima ana haki, lakini hakuna mahali imeandikwa nani analipa bili. Hapo ndipo vita viko.

3/ Chukua ndugu wawili. Mdogo ana miaka 17, yuko shule ya kutwa ya umma. Tangu 2018 mgao wake umewekwa KSh 22,244 kwa mwaka (kama zinafika zote, hiyo ni hadithi nyingine), na ada ya KCSE serikali imekuwa ikilipa. Dadake ana miaka 34, aliacha kidato cha pili. Atafanya mtihani ule ule kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ada, vitabu, mwalimu: ajipange.

4/ Sio ati hatujawahi kujaribu. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ni ya 1966, na nyinyi nyote mnajua gumbaru. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Lakini gumbaru ilisukumwa zaidi na kusoma na kuandika. Siku hizi mwajiri haulizi kama unajua kusoma. Anauliza cheti.

5/ Wanaopinga wana hoja, tusiwadharau. Madarasa ya watoto yamefurika na mgao huchelewa. Ukiongeza mlango mwingine kwa bajeti ile ile, kuna mtoto atapunguziwa. Pia mtu mzima ana kazi na familia: unaweza kumlipia ada na siku ya mtihani akose kutokea kwa sababu alipata kibarua.

6/ Wanaounga mkono nao wanauliza: huyu mtu aliacha shule kwa nini? Shule ya upili ya kutwa bila karo ilianza 2008. Aliyemaliza darasa la nane 2004 na akakosa karo alifungiwa mlango kabla haujafunguliwa. Leo akinunua sabuni au airtime analipa ushuru unaosomesha watoto wa wengine. Sio msaada anaomba. Anaomba zamu yake.

7/ Halafu kuna cheti cha kazi. Mjomba wangu ameweka nyaya za umeme miaka 19. Akienda kuomba kazi kwa mjengo mkubwa anaulizwa karatasi, anarudi nyumbani. Dawa iko: mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza, na pia RPL, yaani kupimwa ujuzi ulio nao tayari bila kurudi darasani. Shida ni ada ya kupimwa, na siku unazokosa kazini.

8/ Waajiri hulipa NITA ushuru wa KSh 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Mjomba ni jua kali, hana mwajiri wa kumlipia. Kwa hivyo swali halisi la sera ni: mfuko wa umma umbebe fundi wa jua kali, ama abaki nje?

9/ Chunga na ahadi isiyo ya ofisi yake. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, kaunti ina vyuo vya ufundi vya vijijini. Mitihani na shule za upili ni za serikali ya kitaifa. Gavana akikuahidi KCSE ya bure, muulize kwa mamlaka gani.

10/ Na saa inakimbia. Darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE 2027. Dada wa miaka 34 baada ya hapo afanye mtihani gani? Hili swali silisikii majukwaani kabisa.

11/ Kwa hivyo akipanda jukwaani, muulize vitu vinne: pesa zinatoka kifungu gani cha bajeti? Ni ada ya mtihani peke yake ama na mwalimu? Masomo ni jioni na wikendi, ama saa za kazi? Na baada ya 2027 je?

Asipojibu, weka makofi mfukoni.

Mjomba akipata gredi nitawaambia. Kama una mtu kama yeye kwenu, mwambie hapa chini amekwama wapi.