ARN na Chimbuko la Uhai

Ndani ya seli, ADN hutunza maagizo ya urithi, nazo protini hutenda kazi. Lakini ADN hainakiliwi pasipo protini, wala protini haiundwi pasipo maagizo. Kipi kilitangulia, kuku au yai? Wataalamu wengi huelekea kujibu: ARN. Kwamba ARN yaweza kutunza maagizo, virusi vya polio, vilivyozuka mkoani Haut-Lomami mwaka 2017, ni ushahidi, kwani havina ADN. Kwamba yaweza pia kutenda, Thomas Cech alibainisha mwaka 1982: kipande cha ARN kilijikata chenyewe bila msaada wa protini. Basi, yaelekea hapo mwanzo mtunzaji na mtendaji walikuwa kitu kimoja. Lililobaki ni kueleza jinsi ARN ya kwanza ilivyojiunda.