Sarafu ya Simba na Kipimo cha Choo

Abiria anayetoka Thika kwenda Ruiru akimpa makanga noti kubwa, mara nyingi hushuka na sarafu chache kiganjani, au na ahadi kwamba chenji yake iko kwa mwenzake aliye mlangoni. Sarafu hizo huishia mfukoni mwa suruali, juu ya kabati, ndani ya bakuli la funguo. Ile ya shilingi kumi iliyotolewa Desemba 2018 ina picha ya simba. Makala haya yanahusu sarafu hiyo, na yanahusu pia jambo ambalo wengi wetu hatulitaji hata nyumbani, yaani choo.

Tuanze na choo, kwa kuwa ndicho kigumu zaidi kuzungumzia.

Mkaazi wa Kiambu atakuambia presha yake bila kuulizwa. Atakuambia sukari yake, magoti ya mama yake na bei ya miwani aliyoandikiwa. Lakini akiona damu kwenye karatasi ya msalani, hata mkewe hatajua. Atanunua dawa ya amiba kwenye duka la dawa na kuimeza siku tano, damu itapotea kwa muda, naye atajihesabu amepona. Ikirudi, atasema ni bawasiri, ni kwa sababu ya kukaa kwenye pikipiki kutwa. Mwandishi wa makala haya anaijua njia hiyo kwa kuipita. Nilimeza dawa za amiba mara tatu katika mwaka mmoja, kila mara kwa ushauri wa muuza dawa tofauti, kabla sijamweleza daktari. Yangu ilikuwa bawasiri kweli. Ila daktari aliniambia kuwa yeye mwenyewe asingeweza kulijua hilo kwa kunitazama usoni, sembuse muuza dawa.

Damu kwenye choo ina sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo si saratani. Shida ni kwamba saratani ya utumbo mpana nayo huvuja damu, na mgonjwa hana namna ya kutofautisha hii na ile akiwa msalani. Saratani hiyo ni miongoni mwa tano zinazowapata Wakenya wengi zaidi, pamoja na ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio. Ya matiti na ya mlango wa kizazi tumezisikia kwenye redio na makanisani. Hii ya utumbo bado inapita kimyakimya.

Utumbo mpana ni bomba lenye urefu wa kama mita moja na nusu, linalofyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula kabla hayajatoka. Ndani ya ukuta wake huweza kuota vinyama vidogo ambavyo madaktari huviita polipu. Vingi havimdhuru mtu. Baadhi, vikiachwa, hubadilika polepole na kuwa saratani, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua kama miaka 10 au zaidi. Muda huo mrefu ndio bahati yetu. Kinyama kikionekana mapema huondolewa, na saratani ambayo ingekuja baadaye haiji. Hata saratani yenyewe ikikutwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, wengi hupona. Ikishafika kwenye ini, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Kinyama kikubwa au saratani changa huvuja damu kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Hapo ndipo kipimo kinachoitwa FIT kinafanya kazi. Unachukua choo kidogo kwa kijiti, unakitia kwenye kichupa, na maabara hutafuta chembe za damu ya binadamu. Hakuna sindano. Huhitaji kufunga kula, wala kuacha nyama, kama ilivyokuwa kwa vipimo vya zamani vya aina hiyo ambavyo vingeweza kudanganywa na nyama nyekundu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu wengi. Kile kipimo cha choo ambacho karibu kila mmoja wetu amewahi kufanyiwa, cha kutafuta amiba na minyoo kwa darubini, hakitafuti damu hii iliyofichika. Ukiambiwa choo chako ni safi baada ya kipimo hicho, maana yake ni kwamba hawakuona amiba wala mayai ya minyoo. Kuhusu polipu hujaambiwa lolote.

Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 unapendekeza watu wa miaka 45 hadi 75 wasio na dalili wapimwe choo kila mwaka, au wachunguzwe kwa kamera kila baada ya miaka 10. Aliye na mzazi, ndugu au mtoto aliyewahi kuugua saratani hii huanza mapema, kwa kawaida akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa yake aligunduliwa. Kama mama alipatikana nayo akiwa na miaka 46, wewe unaanza ukiwa na 36. Kwa hivyo muulizeni shangazi, muulizeni mjomba. Mara nyingi marehemu aliyesemekana kufa kwa "tumbo" alikuwa na ugonjwa wenye jina.

Haya yote ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye dalili asisubiri kipimo cha FIT wala miaka 45, aende akaonwe na daktari. Dalili zenyewe ni damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa (kuhara kusikoisha, kufunga choo kusikokuwa kawaida yako, au vyote viwili kwa zamu), kuhisi hujamaliza hata baada ya kutoka msalani, maumivu ya tumbo yanayorudi, kukonda bila sababu, na uchovu wa kupungukiwa damu. Hiyo ya mwisho hupuuzwa sana. Mwanamume mtu mzima, au mama aliyeacha kupata hedhi, akikutwa na upungufu wa damu, asikubali kurudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma tu. Aulize damu imeenda wapi. Na vijana wasijione wako salama kwa umri, maana wenye miaka thelathini na kitu pia wamegunduliwa na ugonjwa huu.

FIT ikionyesha damu, usianze kugawa mashamba. Wengi wanaopata jibu hilo hawana saratani. Jibu hilo linasema tu kwamba sasa kamera ipite, uchunguzi unaoitwa kolonoskopi. Siku moja kabla, unakula chakula chepesi kisha unabaki na vinywaji vyepesi kama maji, turungi na supu iliyochujwa, ukiepuka vinywaji vyekundu, halafu unakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Siri ndogo ni kwamba usiku huo wa kwenda msalani ndio mgumu kuliko uchunguzi wenyewe. Hospitalini hupewa dawa ya kukutuliza, bomba laini lenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa, na daktari akikuta polipu huweza kuiondoa papo hapo. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Siku hiyo huendeshi gari wala pikipiki.

Sasa turudi kwa simba.

Watu wanaokaa mbali na uchunguzi hawazuiwi na woga peke yake. Mama mboga wa soko la Madaraka akienda hospitalini asubuhi, sukuma wiki yake inanyauka. Mwendeshaji wa bodaboda wa Kimbo anayekodisha pikipiki anadaiwa na mwenyewe jioni, awe amebeba abiria au hakubeba. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na pengine nauli ya yule wa kukusindikiza. Hata kama kipimo kingekuwa bure, siku yenyewe ina bei. Gharama hizi ndogo ndizo humfanya mtu aseme "nitaenda mwezi ujao" hadi mwezi ujao unafika na damu inayoonekana.

Bima nayo ina hesabu yake. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyejisajili huhudumiwa kama mgonjwa wa nje katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 bila kulipa. Huko ndiko pa kuanzia: unaeleza habari yako, unachunguzwa, unapewa barua ya rufaa. Lakini rufaa ikikupeleka Ruiru Level 4 au Thika Level 5, bima inayotumika ni ile inayotaka mchango wako uwe umelipwa. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara wa mwezi hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake kupitia *147#, anaambiwa kiwango chake, na kukilipa kwa mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Chukua kalamu. Sarafu moja ya simba kila siku kwa siku 365 ni shilingi 3,650. Inalipa mchango wa chini wa familia nzima, na chenji ya hamsini inabaki. Wengi hupangiwa zaidi ya 300. Basi ongeza sarafu ya pili, au badala ya simba weka ile ya ndovu ya shilingi ishirini, inayofika 7,300 mwaka ukiisha. Kinachozidi mchango ni cha nauli na ile siku ya kazi iliyopotea.

Kuhusu mahali pa kuziweka, uzoefu wa wengi ni kwamba mkebe ulio wazi hukopwa na mwenye mkebe. Tafuta ule wa bati unaochomelewa na mafundi wa jua kali, wenye tundu juu na usiofunguka bila patasi. Ukishajaa, peleka sarafu kwa duka lenye wakala wa M-Pesa. Wenye maduka huzitaka sana, kwa sababu hizo ndizo zinazowaepusha kumpa mteja peremende badala ya chenji. Kuweka pesa kwa wakala hakutozwi ada, na kuzihamisha kutoka M-Pesa kwenda M-Shwari pia hakutozwi. Kwa wale ambao siku hizi hulipa kila kitu kwa simu na hawashiki sarafu, tuma kumi hiyo M-Shwari kila jioni kabla ya kulala. Inachosha, lakini mswaki pia unachosha.

Walio kwenye chama wana njia rahisi zaidi. Vyama vingi huvunja mkebe Desemba, pesa zikagawanywa, zikala Krismasi, na Januari ikakuta mifuko mitupu. Mweka hazina anaweza kupendekeza kwamba kabla ya mgao, kila mwanachama akatiwe mchango wake wa SHA wa mwaka mzima na ulipwe siku hiyohiyo, wote wakiwa wameketi pamoja. Chama cha watu ishirini kikifanya hivyo, ni nyumba ishirini ambazo hazitaanza kufungua kundi la WhatsApp la kuchangisha pesa za hospitali zikiwa hazijui zianzie wapi. Sote tumeongezwa kwenye makundi hayo. Tunajua pia jinsi michango inavyopungua kufikia wiki ya tatu.

Chakula tukitaje kwa ufupi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za kusindikwa, soseji na smoki zikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na ugonjwa uliotajwa hasa ni huu wa utumbo mpana. Pombe na sigara pia huongeza hatari. Githeri ya mahindi na maharagwe, ambayo watoto wetu wanaikimbia, ina makapi ambayo utumbo unayahitaji.

Ukipewa kichupa cha FIT, zoezi lenyewe hufanyika nyumbani. Kwenye ploti zenye choo cha shimo cha pamoja, tafuta kopo pana safi na kavu, mathalani la mafuta ya kupaka mkate lililooshwa vizuri, ulifikishie humo haja. Choo kisiguse mkojo, maji wala dawa ya kusafishia. Chovya kijiti sehemu kadhaa za choo, kiasi cha kufunika ncha tu, kirudishe kwenye kichupa na ufunge. Kama uko kwenye hedhi, au bawasiri inavuja siku hiyo, subiri ikatike kwanza. Andika jina na tarehe, kiweke mbali na jua, na ukifikishe maabara siku hiyo au kesho yake asubuhi. Kabla ya kuondoka kaunta uliza mambo mawili: majibu yatatoka lini, na kama ni wewe utakayerudi kuyachukua au watakupigia simu. Kisha uandike jibu la swali hilo nyuma ya kadi yako ya kliniki.