Nasaba ya Programu: Jina la Tawi na Usalama wa Mnyororo wa Bloki

Katika pwani yetu mtu hatambuliwi kwa jina lake moja. Huulizwa ni mwana wa nani, na baba yake naye ni mwana wa nani. Desturi hii ina faida zaidi ya adabu, kwani anayeijua nasaba ya mtu huujua pia urithi wake, mwema na mbaya. Programu za kompyuta nazo zina nasaba. Makala haya yaeleza jinsi nasaba hiyo inavyoandikwa, na hasara inayopatikana isipoandikwa.

Mfano wetu ni mnyororo wa bloki. Huu ni daftari la hesabu ambalo miamala yake hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloki, na kila bloki hubeba alama ya ile iliyoitangulia. Mnyororo wa Bitcoin ulianza tarehe 3 Januari 2009. Daftari hilo halina benki inayolisimamia. Maelfu ya kompyuta hutunza nakala zake, na kila moja huikagua kila bloki kwa kutumia programu. Usalama wote hutegemea jambo moja: kompyuta hizo zifikie uamuzi uleule.

Maandishi ya programu ya Bitcoin yako wazi. Yeyote aweza kuyanakili, akayabadili kidogo na kuanzisha sarafu yake. Nakala ya namna hiyo tuiite chipukizi, na programu iliyonakiliwa tuiite shina. Litecoin ilichipuka kutoka Bitcoin mwaka 2011. Kutoka Litecoin ikatoka Luckycoin, na kutoka Luckycoin ikatoka Dogecoin mwezi Desemba 2013. Kwa lugha ya nasaba tungesema: Dogecoin bin Luckycoin bin Litecoin bin Bitcoin.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Toleo 0.14 la programu ya Bitcoin lilitoka Machi 2017. Ili kuharakisha kazi, waandishi wake walikuwa wameondoa ukaguzi mmoja walioudhani kuwa ni marudio. Ukaguzi huo ulihakikisha kwamba sarafu ileile haitumiki mara mbili ndani ya muamala mmoja. Katika toleo hilo, kompyuta iliyopokea bloki yenye udanganyifu huo ingezimika. Kisha likaja toleo 0.15, Septemba 2017, lililobadili namna ya kuhifadhi kumbukumbu za sarafu. Tangu hapo hadi toleo 0.16.2 hatari ikawa kubwa zaidi: katika hali fulani kompyuta ingeukubali udanganyifu, na fedha zingezaliwa pasipo asili.

Hitilafu ilipogunduliwa, toleo 0.16.3 lenye kiraka lilitolewa tarehe 18 Septemba 2018. Bitcoin yenyewe ilisalimika. Lakini siku chache baadaye sarafu ndogo iitwayo Pigeoncoin, chipukizi la ukoo huohuo, ilishambuliwa kwa njia hiyo. Mshambuliaji alijitengenezea zaidi ya sarafu milioni 200 za bandia.

Kisa hiki chafundisha kwamba chipukizi hurithi ugonjwa wa shina, lakini halirithi dawa. Kiraka kilichoshonwa katika shina hakihamii chenyewe katika chipukizi; lazima mtu akichukue akakishone huko. Na kabla ya kufanya hivyo, mwenye chipukizi sharti ajibu swali hili: tulichipuka kutoka toleo lipi? Aliyechipuka kutoka 0.13, bila kuongeza mabadiliko ya baadaye, hana ugonjwa huu kabisa. Wa 0.14 aogope kuzimika. Wa 0.15 aogope fedha za bandia.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini basi chipukizi lisichukue kila toleo jipya mara litokapo? Jibu limo katika tukio la mwezi Machi 2013. Toleo 0.8 la Bitcoin lilikuwa limebadili programu tegemezi ya kuhifadhi kumbukumbu, likaacha Berkeley DB na kutumia LevelDB. Ilipotokea bloki moja kubwa, kompyuta zenye toleo jipya ziliikubali, na nyingi za zamani zikaikataa. Sababu yake ni kwamba Berkeley DB ilikuwa na kikomo cha ndani ambacho hakuna aliyekusudia kiwe sheria ya sarafu. Daftari liligawanyika njia mbili kwa saa kadhaa, mpaka wachimbaji wa sarafu walipokubali kurudi katika toleo la zamani. Kwa hiyo kuchelewa ni hatari, na kukurupuka nako ni hatari.

Njia ya katikati ni utaratibu, nao huanza na majina. Katika Git, mfumo wa kutunza maandishi ya programu uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kazi hugawanywa katika matawi. Tawi moja na liwe nakala safi ya shina, lisiguswe. Tawi lenye mabadiliko yetu na libebe namba ya toleo la shina, kwa mfano «sarafu-0.16», wala lisiitwe «jipya» au «la-mwisho», kwani mwakani litakuwepo jipya zaidi. Dogecoin ilifuata kanuni kama hiyo katika namba za matoleo yake: toleo 1.14 lilijengwa juu ya Bitcoin 0.14.

Wakati wa kupanda toleo, lifunguliwe tawi jipya juu ya toleo jipya la shina, kisha mabadiliko yetu yahamishwe moja baada ya jingine na kujaribiwa, huku tawi la zamani likibaki kama kimbilio. Ikumbukwe pia kwamba jina la tawi husogea kila kazi inapoongezwa. Programu itegemeayo tawi hilo na ifungwe kwa alama ya hatua maalumu, ambayo kwa kawaida katika Git ina tarakimu na herufi 40, ili leo na kesho ipate maandishi yaleyale.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila kompyuta. Aandike ubaoni maelezo ya jaribio la kemia kwa matoleo matatu, na makundi ya wanafunzi yanakili matoleo tofauti na kuyaongezea maneno yao. Baadhi ya makundi yaandike namba ya toleo juu ya karatasi, mengine yasiandike. Kisha mwalimu atangaze kwamba toleo la pili lina kosa katika kipimo cha asidi. Darasa lipime muda ambao kila kundi litatumia kujua kama karatasi yake ina kosa hilo.