Bustani ya Nyumbani Wakati wa Kiangazi: Hesabu Maji Kwanza



Kila mwaka mvua za vuli zikiisha mwezi wa Desemba, naulizwa swali lile lile katika mikutano ya kina mama: "Sasa mboga tutatoa wapi mpaka Machi?" Hapa Ukambani si swali dogo. Kuanzia Januari jua huwaka, mito hubaki mchanga, na sukuma wiki sokoni hupanda bei wakati ule ule karo ya shule inadaiwa.

Jibu letu la kawaida limekuwa, "Limeni bustani nyumbani." Jibu hilo ni zuri, lakini halijakamilika. Mimi mwenyewe nimelima bustani nyuma ya nyumba yangu kwa miaka mingi huku Makueni, na mwaka mmoja bustani hiyo ilinila badala ya mimi kuila. Leo nataka nieleze jinsi ilivyokuwa, na jinsi ninavyofanya sasa, mwezi kwa mwezi, ili kikundi chenu kisipite njia ile niliyopita.

Kosa langu

Tangu Oktoba 2020 hadi Desemba 2022, mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Ilikuwa katika kipindi hicho nilipojifanya shujaa. Niliandaa matuta manne, kila moja mita 1 kwa mita 6, nikayajaza sukuma wiki na spinachi. Yalipendeza! Wageni walikuwa wakisimama kutazama.

Sasa tufanye hesabu ambayo sikuifanya wakati ule. Matuta manne ya mita 1 kwa 6 ni mita 24 za mraba. Wakati wa jua kali, mboga huhitaji karibu lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Lita 5 mara 24 ni lita 120. Hiyo ni mitungi 6 ya lita 20, kila siku ya Mungu!

Kisima cha karibu kilipokauka, mtungi ulipanda kutoka shilingi 5 hadi shilingi 20. Nikaanza kununua. Shilingi 120 kwa siku ni shilingi 840 kwa wiki, na mboga nilizochuma hazikufika hata shilingi 300. Kumbe nilikuwa nanunua sukuma ghali kuliko ile ya sokoni, tena kwa jasho langu mwenyewe.

Lakini pesa si jambo lililoniuma zaidi. Siku moja mwalimu aliniuliza kwa nini mtoto wangu anafika shule saa tatu. Nilikuwa nimemtuma kuteka maji kabla ya masomo, nikidhani ni mara moja moja. Alipohesabu kwenye rejista, zilikuwa siku 9 katika mwezi mmoja. Mimi, ambaye kazi yangu ni kwenda vijijini kuwaambia wazazi wasiwatoe watoto darasani! Niliona haya. Jioni hiyo niliacha matuta matatu yakauke.

Basi somo la kwanza ni hili: wakati wa kiangazi usipime bustani kwa ukubwa wa kiwanja. Ipime kwa maji uliyo nayo.

Januari: punguza, chimba, funika

Siku hizi mwanzoni mwa Januari nabaki na sehemu ndogo tu: matuta mawili ya mita 1 kwa mita 2, na magunia mawili. Hayo yanatosha.

Matuta yenyewe si ya kuinuka. Tuta lililoinuka ni zuri wakati wa mvua nyingi, maana maji hutiririka. Wakati wa kiangazi tunataka kinyume, yaani tuta lililozama. Fanya hivi:

1. Chimba shimo la kina cha sentimita 60. Weka udongo wa juu upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine.
2. Jaza mabua ya mahindi na nyasi kavu mpaka sentimita 30, ukizikanyaga na kuzilowesha kila tabaka. Zikioza zitashika maji kama sifongo.
3. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, uweke sentimita 20. Samadi mbichi usitumie, itaunguza mizizi.
4. Acha sentimita 10 za juu zikiwa wazi. Hapo ndipo maji yatasimama badala ya kukimbia.

Udongo uliobaki uweke upande wa juu wa mteremko, kama tunavyofanya kwenye matuta ya "fanya juu" shambani.

Kwa gunia, changanya karai mbili za udongo na karai moja ya samadi. Kama udongo ni wa mfinyanzi, ongeza nusu karai ya mchanga. Tafuta mkebe mkubwa usio na kitako, usimamishe katikati ya gunia na kuujaza kokoto. Zungusha udongo kando yake, halafu vuta mkebe juu, uujaze tena kokoto, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Katikati utabaki na mlingoti wa mawe unaopeleka maji hadi chini. Toboa matundu kando, na upande miche. Gunia langu moja huchukua miche kama 25.

Hamisha miche jioni, kamwe si mchana. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina. Haya matandazo ndiyo kofia ya udongo. Ingiza kidole chini yake saa nane mchana, utakuta unyevu. Pale pasipofunikwa utakuta vumbi. Wenye mchwa wengi watazame chini ya nyasi kila baada ya siku mbili, na kuziondoa wakiona mchwa wameanza kugusa mashina.

Maji ya nyumbani usiyamwage

Mita 4 za mraba kwa lita 5 ni lita 20. Magunia mawili yakipewa lita 5 kila moja, jumla ni lita 30 kwa siku. Nyumbani kwangu tuko watu sita. Maji tunayooshea mboga, kuloweka maharagwe na kusuuza vyombo hufika lita 15. Hiyo ni nusu ya mahitaji, na zamani tulikuwa tunayamwaga uani!

Lakini tahadhari. Maji yenye mafuta mengi, yenye dawa ya kung'arisha nguo, au yaliyofua nepi za mtoto yasiingie bustanini. Maji ya sabuni kidogo yapitishe kwenye ndoo iliyotobolewa, yenye kokoto chini na mchanga juu. Yamwage kwenye udongo, si kwenye majani. Na usiyatumie kwa mboga za kuliwa mbichi kama dania.

Nyakati za kumwagilia ni alfajiri au jua linapotua. Mwagilia polepole kwenye shina mpaka maji yazame. Ukinyunyiza kidogo juu juu, mizizi hubaki juu kutafuta unyevu, na jua huichoma. Ukiwa umefunika vizuri, tuta lililozama unaweza kulipa maji yake ya siku mbili kwa pamoja, kisha ukapumzika siku moja. Gunia hukauka haraka, kwa hivyo lipate kila siku.

Februari: mwezi wa wageni wasioalikwa

Februari ndio mwezi mgumu. Kijani chako ndicho kijani pekee kijijini, na kila kiumbe kinakiona.

Kwanza ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani la sukuma. Jani hujikunja na kunata. Ukame huwafanya wazaane upesi. Mimi hugeuza majani kila asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Wakiwa wachache nawaponda kwa vidole. Wakizidi, natia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nanyunyizia chini ya majani jioni, na asubuhi nasuuza. Jaribu kwanza kwenye majani mawili, maana sabuni ikizidi huunguza. Jani lililojaa kabisa, likate upeleke mbali. Ukimwona kobe-mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mwache, huyo ni rafiki. Chakula chake ni vidukari.

Pili ni utitiri mwekundu kwenye nyanya. Majani huwa na vidoa vya manjano, na ukitazama vizuri utaona utando kama wa buibui. Huja palipo na joto na vumbi. Ng'oa majani yaliyoharibika, na uoshe sehemu ya chini ya yale mengine kwa maji safi.

Tatu, wacha niseme ukweli, ni kuku na mbuzi wa jirani. Katika kikundi kimoja ninachokitembelea, kuku watano waliingia bustani ya mwanachama wakamaliza gunia zima kabla ya saa nne. Wenye kuku na mwenye gunia wakaacha kusalimiana, mmoja akasimamisha mchango wake, na kikundi kikakaribia kuvunjika kwa sababu ya sukuma! Mama mmoja mzee ndiye aliyewapatanisha. Alisema, "Wanangu, kuku hana kamati. Wekeni miiba." Siku ya Jumamosi wote walikata matawi ya miiba, wakazungushia bustani za wanachama wote, nyumba baada ya nyumba. Ua wa miiba ni rahisi kuliko kesi kwa chifu.

Machi: chuma, lakini weka mbegu

Sukuma huanza kuchumwa wiki 4 hadi 6 baada ya kuhamishwa. Chuma majani ya chini na uache kama matano ya juu ili mmea upumue. Ukiyavua yote siku ambayo wageni wamekuja, utakaa wiki mbili bila mboga.

Sukuma isiwe peke yake. Mchicha, kunde na mnavu ni mboga za wazee wetu na zinavumilia jua kuliko kabeji. Mchicha ukipandwa unaliwa baada ya wiki 3 au 4, na majani ya kunde vile vile. Kwa mwenye maji kidogo, mboga ya wiki 4 ni bora kuliko ya miezi mitatu.

Acha mimea michache ya mchicha na kunde izae mbegu. Kausha kivulini. Mbegu za kunde changanya na majivu makavu yaliyochungwa, uzifunge kwenye chupa, ili bungo wasizitoboe. Mvua ya masika ikinyesha, hutahitaji kununua.

Na mvua ikinyesha, kinga! Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 20 za mraba likipata milimita 100 za mvua, hizo ni lita 2,000. Hata ukipoteza robo, unabaki na lita 1,500, yaani mitungi 75. Ndiyo sababu kikundi kinachochangia tangi la mwanachama mmoja kila mzunguko kinafanya kazi ya bustani hata kama hakijashika jembe.

Faida yake ni nini?

Sitaki kuwadanganya. Bustani hii haileti utajiri. Zamani nilinunua mboga za shilingi 30 kwa siku, yaani 210 kwa wiki. Sasa, mtungi ukiwa shilingi 20, nanunua lita 15 kwa siku, ambazo ni shilingi 15, au 105 kwa wiki. Ninaokoa shilingi 105. Kwa wiki kumi za kiangazi ni shilingi 1,050. Ni madaftari, ni sare, ni nauli ya kwenda zahanati. Na mboga ziko mezani kila jioni, mtoto yuko darasani saa mbili kamili.

Lakini kama kwenu mtungi umefika shilingi 50, au kisima kiko mwendo wa saa mbili, fanyeni hesabu yenu. Pengine gunia moja linatosha. Pengine mwezi wa Februari ni heri kupumzisha udongo na kula kunde zilizokaushwa Desemba. Hakuna aibu katika kupunguza. Aibu ni ile niliyoipata mimi mbele ya mwalimu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nyumbani kwako mnamwaga lita ngapi za maji yanayoweza kutumika tena kila siku? Pimeni kwa siku tatu, kisha mlete jibu mkutanoni.
2. Katika kijiji chetu, nani anateka maji wakati wa kiangazi, na anakosa kufanya nini kwa sababu hiyo?
3. Je, tunaweza kukubaliana kwamba hakuna mtoto atakayetumwa maji ya bustani wakati wa masomo?
4. Nani kati yetu ana mbegu za mchicha, kunde na mnavu za kugawana kabla ya mvua?
5. Tukianza na tangi moja, tuanze kwa nani, na kwa nini?

Chukueni kalamu na karatasi, mhesabu kabla ya kuchimba. Kazi njema, na mboga ziwe tele.