KUBADILISHA KILENGEO CHA BUNDUKI YA MARISAU NYUMBANI

Wananchi wenye leseni za kumiliki bunduki za marisau, wakiwemo wakulima wanaolinda mashamba yao dhidi ya wanyama waharibifu, hupenda kubadilisha kilengeo, yaani kile kitufe kidogo cha shaba kilichopo kwenye ncha ya mtutu. Siku hizi huuzwa vilengeo vya namna nyingi, vikiwemo vyenye uzi wa plastiki unaokusanya mwanga na kung'aa kwa rangi nyekundu au kijani. Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani kwa sharti moja: tundu la parafujo liwe limekwisha kutobolewa kiwandani. Pasipokuwa na tundu, keke isiguse mtutu.

Sababu yake ni kwamba ukuta wa mtutu karibu na mdomo ni mwembamba, na katika bunduki nyingi haufiki hata milimita 1. Katika bunduki ya namba 12, mgandamizo wa baruti huweza kufika bari 740 kwenye chemba, hali tairi la gari dogo hujazwa bari 2 hivi. Mgandamizo huo hupungua kuelekea mdomoni, lakini marisau hupita hapo kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Parafujo iliyochomoza ndani ya mtutu, hata kwa unene wa ukucha, hupigwa na marisau hayo yote. Kulehemu kwa moto nako kusijaribiwe. Bunduki nyingi za mitutu miwili zimeungwa kwa bati, na bati hilo huyeyuka kabla ya mwenye kulehemu hajatambua.

Kabla ya kuanza, bunduki ifunguliwe na chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Risasi ziwekwe chumba kingine. Inapowezekana, mtutu utenganishwe na kitako. Kitufe cha zamani kishikwe kwa koleo lililofungwa kipande cha ngozi, kisha kizungushwe taratibu. Hewa yetu ya chumvi hushikisha hesi kwa kutu; kikikataa, kitiwe mafuta mepesi na kuachwa hadi kesho yake. Mtutu usibanwe kwenye jiliwa, kwani huharibika umbo kwa urahisi.

Kitufe kilichotolewa ndicho kipimo cha kununulia kipya. Hesi za bunduki za Kimarekani mara nyingi hupimwa kwa inchi na za Kiitalia kwa milimita, na hazichanganyiki ingawa kwa macho hufanana. Kitufe kipya kiingie kwa vidole mizunguko miwili ya mwanzo. Kikihitaji nguvu mapema, si chake. Kikishakazwa, mtutu uelekezwe kwenye mwanga na kuchunguliwa kutoka upande wa chemba. Ncha ya parafujo ikionekana ndani, itolewe na kupunguzwa kwa tupa. Namba ya bunduki isiguswe kwa namna yoyote, kwani ndiyo inayoiunganisha silaha na leseni yake.

Wapo wanaodhani kwamba kitufe kirefu zaidi kitainua shabaha. Ni kinyume chake. Kutoka jichoni hadi kwenye kitufe ni kama mita 1. Kikiongezwa urefu wa milimita 2, marisau yatashuka kiasi cha sentimita 7 kwa shabaha iliyo mita 35.

Kuhusu vilengeo vinavyong'aa, manufaa yao wakati wa magharibi ni ya kweli, lakini hatari yake haijasemwa vya kutosha. Humwonesha msasi ncha ya bunduki yake tu. Havimwoneshi kama kilichotikisa majani ni nguruwe au ni jirani anayerudi kutoka shambani, na mtu aliyekwisha kuona rangi nyekundu mbele yake huona kwamba yu tayari kufyatua.

Hatimaye bunduki ijaribiwe mahali panaporuhusiwa, kwa karatasi yenye duara la upana wa sentimita 76 iliyowekwa umbali wa mita 36 hivi. Kundi la marisau likiwa pembeni baada ya risasi tatu, kitufe kisipindwe. Bunduki ipelekwe kwa fundi mwenye leseni pamoja na kitako chake, kwani kasoro ya namna hiyo huwa zaidi kwenye kitako kuliko kwenye kilengeo.