Nani Amechafua Mto?

Nafundisha Kiingereza hapa Ruiru, vijana wa miaka 13 hadi 15, na nimezoea kusikia kwamba mada ya mazingira huwashinda kwa sababu hawana maneno. Sikubaliani. Yao ya kusema ni mengi. Kinachowafunga midomo ni kuulizwa kuhusu dubu mweupe na barafu inayoyeyuka kwenye ncha ya dunia. Basi hujibu kwa sentensi za kukariri: tupande miti, tusitupe taka ovyo. Hapo hakuna anayezungumza, wanaimba tu.

Mimi huanza na maji. Mto Ruiru unaenda wapi ukishapita daraja letu? Wachache hujua kwamba unaingia Mto Nairobi, kisha Athi, unaanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, unabadili jina kuwa Galana, halafu Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Thika ni mwendo mfupi tu wa matatu kutoka hapa, lakini mito yake, Chania na Thika, huelekea Tana na kufikia bahari huko Kipini. Waliowahi kutembelea Fourteen Falls wameona povu na chupa za plastiki chini ya yale maji mazuri, na hao ndio huanza kusema. Nawaacha wabishane kwanza kwa Kiswahili, Kikuyu au Sheng, mpaka kila mmoja awe na jambo analotaka kulisema. Kiingereza hufuata, tena hufuata kwa haraka.

Kisha tunaandika. Mvulana mmoja aliandika kwamba mto umechafuliwa. Na nani? Akafuta, akaandika kwamba watu wamechafua. Watu gani? Alikaa akiuma kalamu, halafu akaandika kuhusu bomba la maji taka lililopasuka nyuma ya ploti yao, msimamizi wa ploti analijua, na hakuna fundi aliyeitwa. Sentensi ilikuwa na makosa mawili ya sarufi. Hayo tuliyarekebisha baadaye, kwa kuwa sasa alikuwa na habari inayostahili kurekebishwa.

Swali la nani, hata hivyo, linataka uangalifu. Darasani huwa mna mtoto anayelipiwa karo kwa pesa za makaa, na mwenzake ambaye babake hupasua mawe machimboni Ndarugu. Ukifundisha kwamba mchoma makaa ni adui, unamtaka mtoto amshtaki mzazi wake mbele ya darasa, tena kwa lugha asiyoimudu. Ndiyo maana naongeza maswali mawili: nani anapata riziki hapa, na nani anavuta vumbi? Mjadala hupata uzito mara moja. Hata waokotaji wa dampo la Kang'oki kule Thika, ambao wengi huwapita wakiziba pua, huonekana kama watu wanaotenganisha plastiki ambayo sisi tulichanganya na maganda ya ndizi.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017 nayo hunisaidia sana. Vijana hawa walikuwa wadogo mno wakati huo, kwa hiyo nawatuma kwa mama mboga na kwa nyanya zao waulize maisha ya juala, yaani mifuko hiyo, yalikuwaje, mitaro ilizibaje, na kiondo kilirudije sokoni. Kesho yake wakati uliopita, ambao kitabuni huwachosha, wanautumia bila kusukumwa.

Na kuna barua rasmi, iliyo kwenye mtaala tayari. Nawaeleza kwamba mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai alianza kwa kuandika barua kwa ofisi mbalimbali akiuliza maswali. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jengo halikujengwa. Vijana hushtuka kusikia kwamba barua, zoezi la kuchosha kuliko yote, ilifanya kazi hiyo.

Muhula huu wanaiandikia kaunti kuuliza taka za mtaa wao huzolewa siku gani, na zinapelekwa wapi. Wamenukuu Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Barua itapelekwa kwa Kiingereza, na nakala ya Kiswahili itabandikwa langoni ili wazazi waisome na kusema kama kuna jambo limesahaulika.